Mgeni wa Baharini Asiyekubali Kukalishwa

Katika miji yetu ya pwani si ajabu kuingia nyumba ya mtu ukaona ukumbini tangi la kioo lenye samaki. Mengi ya matangi hayo ni ya maji matamu, kwa sababu maji matamu ni mepesi kuyatunza na samaki wake ni wastahimilivu. Kufuga viumbe vya maji ya chumvi ni jambo jingine: lataka gharama, lataka wakati, na zaidi ya yote lataka subira. Sisi nyumbani kwetu Mombasa tuna tangi la namna hiyo, na kwa kuwa kila mgeni aingiaye hutuuliza khabari za kiumbe mmoja aliyemo humo, na kwa kuwa vijana kadhaa wa mtaani wameanza kutaka kumfuga, tumeona ni kheri tuyaandike tuliyoyaona kwa macho yetu pamoja na tuliyoyasoma, ili atakaye kuanza aanze akijua ni kitu gani anachokichukua mikononi mwake.

Kiumbe huyo ni anemoni. Ndugu msomaji, kama umepata kwenda mwambani wakati wa bamvua, maji yalipokupwa sana, huenda umemwona bila kumjua jina. Yuko kama kifuko cha nyama laini kilichojishika jiweni, na juu yake pamezungukwa na minyiri inayopepea majini mfano wa majani ya ua. Wazungu walimpa jina la ua moja la kwao, na jina hilo likaenea kila mahali. Lakini yeye si ua wala si mti. Ni mnyama, jamaa wa wadudu wale wadogo wanaojenga matumbawe. Hana kichwa, hana macho, hana mfupa hata mmoja, wala hana ubongo. Ana nyuzi za fahamu tu zilizotandazwa mwilini mwake kama wavu. Ana tundu moja, nalo ndilo mdomo wake, liingialo chakula na litokalo makombo. Minyiri yake imejaa vishale vya sumu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Samaki mdogo au kamba akiigusa hupooza, kisha minyiri humwinamisha polepole mpaka mdomoni.

Tena wale wafugwao majumbani, walio wengi wao ni wa bahari za joto kama yetu, wana riziki ya pili. Ndani ya nyama yao mnakaa mwani mdogo sana wa rangi ya hudhurungi, ambao huchukua mwangaza wa jua ukatengeneza chakula, na sehemu ya chakula hicho humpa mwenyeji wake. Kwa hivyo anemoni wa namna hii ni mwindaji na mkulima pamoja. Shamba lake liko mwilini mwake, na shamba hilo lataka jua. Neno hili tulikumbuke, maana ndilo asili ya safari zake nyingi.

Sasa tuje kwenye jambo linalowashangaza watu. Mtu apatapo anemoni humfanya kama mche wa mti: humchagulia mahali pazuri mbele ya kioo, akamkalisha juu ya jiwe, akarudi nyuma kumtazama. Asubuhi yake jiwe li tupu. Anemoni yuko nyuma ya mawe, au katika pembe ya tangi, au amepanda kioo mpaka karibu na uso wa maji. Hutembea. Chini ya mwili wake pana wayo mpana. Huunyoosha upande mmoja, akaushikiza, kisha akauvuta upande wa pili, kwa utaratibu ambao jicho halioni. Ni kama akrabu ya saa: huioni ikienda, lakini ukitoka ukarudi waikuta pengine. Akipenda hujiachilia kabisa, akajiacha achukuliwe na mkondo mpaka atue kwingine. Na katika bahari za baridi za kaskazini mna anemoni ambaye akiguswa na kiti cha pweza wa namna fulani, adui yake, hujing'oa akaogelea kwa kujipinda huku na huku, jambo ambalo mtu asiyeliona asingelisadiki.

Hahami kwa ukaidi, ingawa ndivyo wenye matangi wengi wasemavyo. Huhama kwa sababu mahali alipo pana upungufu. Huenda mwangaza ni mdogo, shamba lake likalala njaa. Au ni mkali mno. Huenda mkondo wa maji wampiga kwa nguvu, au haumfikii kabisa. Huenda jiwe halina ufa wa kutia wayo wake. Huenda maji yenyewe yamechafuka, naye yuatafuta palipo safi ndani ya tangi ambalo lote ni maji yale yale. Hana mdomo wa kusema. Safari yake ndiyo maneno yake. Na hapa ndipo tunapokhitalifiana na vitabu vingine vinavyofundisha mbinu nyingi za kumzuia asitoke: kumfunikia kikapu, kumzungushia mawe. Kumzuia anayetafuta maisha ni kumfungia mlango mgonjwa atokaye kwenda kwa tabibu.

Tangi letu lina lita 400. Maji twayateka baharini wakati wa kujaa, mbali na bandari na mbali na midomo ya vijito, wala hatuyateki masika mvua zinapokuwa nyingi, maana mvua huyapunguza chumvi maji ya ufuoni. Chumvi twaipima kila wiki, nayo twataka iwe gramu 35 hivi katika kila kilo ya maji. Joto twalishika kati ya digrii 25 na 27. Vitabu vya Ulaya hueleza kwa urefu namna ya kuyatia maji joto. Katika mji wetu shida ni kuyapoza. Feni hupuliza juu ya maji mchana kutwa, na maji yanayopotea kwa mvuke twayarudisha kwa maji matamu yaliyosafishwa, si kwa maji ya bahari, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke, hubaki chini ikazidi. Jambo hili dogo limewaponyoka wengi.

Kabla ya kumtia anemoni tulilingoja tangi miezi 9. Watoto waliona ni adhabu. Lakini tangi jipya ni kama nyumba isiyokauka chokaa: kwa nje imekwisha, kwa ndani bado. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, na wanaoigeuza sumu hiyo iwe kitu chenye madhara kidogo ni viini vidogo vinavyoota katika mawe na mchanga kwa muda wa wiki na miezi. Samaki mgumu huweza kustahimili maji ambayo hayajatulia. Anemoni hawezi. Mwenye tangi la mwezi mmoja akitia anemoni, kwa kawaida hupata safari tupu, mnyama akizunguka huku na huku akisinyaa kila siku, mpaka afe.

Wetu tulipewa na jamaa yetu mmoja ambaye wake alikuwa amegawanyika. Ni wa namna ambayo ncha za minyiri yake huvimba kama matone au vishanga. Huonekana katika Bahari ya Sham, katika pwani yetu hii ya Afrika ya Mashariki, na kuendelea mbali mpaka visiwa vya Pasifiki. Namna hii hupenda kuficha wayo wake ndani ya ufa wenye giza, na kuitoa minyiri nje kwenye mwangaza. Kuna namna nyingine kubwa, yenye mwili wa rangi kali kama zambarau, ipendayo kukaa juu kabisa ya jiwe, palipo wazi, mkondo ukiipiga kila upande. Hiyo ndiyo sultani wa wasafiri, na katika tangi dogo haitulii. Na kuna wale wapana kama zulia wanaotaka mchanga. Ndugu msomaji, usimchukue yeyote mpaka umejua ni yupi katika hawa, kwa kuwa atakaye ufa ukampa mchanga umemtia safarini tangu siku ya kwanza.

Tulimteremsha chini katikati ya mawe, tukazima pampu kwa saa moja ajishike, tukamwacha. Siku ya pili alikuwa amekwenda kiasi cha shubiri moja. Siku ya nne hakuonekana ila ncha mbili tatu nyuma ya jiwe kubwa, na usiku wake alinywea akawa kama kifuko kitupu, akatoa maji ya hudhurungi mdomoni. Binti yetu alilia akadhani amekufa. Tulimweleza ya kuwa kunywea si kufa. Anemoni hutoa maji ya zamani mwilini akayaingiza mapya, na aliyekufa hujulikana kwa kuwa nyama yake huyeyuka ikatoa harufu ambayo hakuna katika nyumba asiyeisikia. Siku ya saba alipanda kioo cha mbele, tukauona wayo wake wote umebanwa kiooni kama kiganja cha mtoto dirishani. Kijana wetu mkubwa alitaka kumbandua amrudishe mawenikwa. Hatukumpa ruhusa. Wayo ule ni mwororo, na ukichanika anemoni mara nyingi hapati kupona. Bibi yao, aliyekuwa akiyatazama haya yote kutoka kitini mwake, akasema, "Mpangaji gani huyu, kodi halipi na kila siku abadilisha chumba!" Tangu siku hiyo jina lake nyumbani ni Mpangaji.

Siku ya 11 akaingia katika ufa wa jiwe ulio katikati ya kimo cha tangi. Wayo ukazama gizani, minyiri ikatoka nje ikajaza mahali kiasi cha sahani ya chai, na rangi yake ikarudi. Hapo akakaa miezi 14 asiondoke hata kwa upana wa kidole. Tulifikiri safari zimekwisha. Kisha mwezi wa Ramadhani, tulipoamka kwa daku, tulimkuta ameshuka kwenye ubavu wa jiwe akielekea juu kwenye taa. Hatukumgusa, tulianza kuitafuta sababu. Maji yalikuwa sawa, chumvi sawa, joto sawa. Taa ndiyo iliyokuwa imechakaa, na kwa macho yetu ilikuwa ikiwaka kama kawaida. Tulipoibadilisha, tukiongeza mwangaza kidogo kidogo kila siku asije akaungua, alirudi katika ufa wake mwenyewe kabla ya Idi.

Samaki wake wawili hatukuwataja. Hao ni wale wadogo wenye mistari myeupe wanaolala katika minyiri ya anemoni bila kudhuriwa. Utelezi wa ngozi zao huwakinga na vile vishale. Humfukuzia wale wanaokuja kumla minyiri, kinyesi chao humlisha yeye na mwani wake, na usiku mapezi yao humpepea maji mapya. Katika jozi yao mkubwa ndiye jike, na jike akifa, dume hubadilika akawa jike. Wageni wetu wakisikia hili hucheka, wakadhani twawafanyia mzaha. Mpangaji alipohama nao walihama, wakimfuata jiwe hadi jiwe kama watu wa nyumba moja wakibeba mikeka yao.

Tumeyasema hayo kwa wepesi, na sasa twataka kusema la uzito. Khatari ya anemoni anayetembea si kwamba ataharibu mapambo ya tangi. Ni kweli ya kwamba akipita karibu na matumbawe yaliyo hai huyachoma kwa sumu yake, na mtu apendaye kupanga bustani ya matumbawe atapata hasara. Lakini khatari kubwa ni pampu. Tangi la maji ya chumvi lahitaji pampu za kusukuma maji yawe kama mkondo wa bahari, na kila pampu ina mdomo unaofyonza. Anemoni hajui pampu ni nini. Akifika hapo akafyonzwa, hukatwa vipande vipande, na nyama yake na sumu yake hutawanywa katika maji yote. Kwa saa chache tangi zima laweza kufa. Kwa sababu hiyo kila mdomo wa pampu yetu umefunikwa kwa wavu mgumu na sifongo juu yake, na sifongo tunaiosha kila wiki isizibe.

Hata hivyo kinga hiyo haitoshi umeme unapokatika. Pampu zikisimama, hakuna mvuto wa kumwonya. Mdomo wa pampu huwa ni pahali palipotulia, penye vitundu vizuri vya kushika wayo. Anemoni hujiendea zake gizani akaukalia. Kisha umeme ukarudi ghafla, mara nyingi watu wamelala, na pampu zikaanza zenyewe. Sisi tuna desturi kwamba umeme ukikatika, mtu wa kwanza kuchukua tochi huchomoa plagi zote za tangi isipokuwa feni, akawasha kile kijipampu cha betri cha kutia hewa. Hazirudishwi mpaka tangi limekaguliwa kwa macho.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Watu wengi wataukumbuka usiku huo kwa mambo yao mengine. Sisi twaukumbuka kwa tangi. Saa zilikwenda, maji yakaanza kupanda joto, tukafungua madirisha tukapokezana kupepea kwa vipepeo vya ukindu juu ya maji, watoto wakiona ni mchezo na sisi tukihesabu betri. Umeme uliporudi nyumba nzima ilipiga kelele za furaha. Kijana wetu hakukimbilia plagi. Alikwenda na tochi. Mpangaji hakuwa katika ufa wake. Tulimtafuta nyuma ya mawe yote, kisha tukamwona: amekaa juu ya wavu wa pampu ya kushoto, sifongo ameisukuma kando kwa wayo wake, na minyiri miwili imekwisha kuingia ndani ya mdomo wenyewe. Pampu ile ingewashwa wakati ule, khabari hii isingekuwa na la kuelezwa zaidi.

Basi ilifanywaje? Haikufanywa haraka. Pampu ya kulia iliwashwa kwa nguvu ndogo, ikielekezwa ili maji yampitie kwa mbali. Ya kushoto ikabaki bila umeme. Upande wa kushoto wa tangi tuliufunika kwa kitambaa kizito pakawa giza, na upande wa mawe tukauacha katika mwangaza. Tulimlisha kipande kidogo cha kamba kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, ili apate nguvu, kisha tukamwacha aamue. Siku ya tatu alinyanyua ukingo mmoja wa wayo. Siku ya sita tulimkuta ameondoka. Wako wanaotumia barafu ndani ya mfuko wa plastiki, wakaiweka nyuma ya mahali aliposhika ili baridi imfanye aachie, na wako wanaoingiza ukingo wa kadi nyembamba chini ya wayo, milimita baada ya milimita. Mbinu hizi huweza kufaa kwenye kioo laini, kwa mkono wa mtu mtulivu. Kwenye wavu wa pampu au jiwe lenye vitundu, tusingemshauri mtu azijaribu.

Baada ya usiku ule tulitaka kujua anemoni huweza kuishi muda gani akitunzwa, ili tujue tumeingia katika kazi ya miaka mingapi. Jibu tulilolisoma lilitunyamazisha. Mwezi wa Agosti mwaka 1828, huko Scotland, bwana mmoja aitwaye Sir John Dalyell alimchukua anemoni mwekundu wa kawaida katika mwamba wa pwani ya North Berwick, akamweka katika chombo cha kioo nyumbani kwake. Dalyell akafa mwaka 1851, anemoni akabaki. Akachukuliwa na Profesa John Fleming, naye akafa mwaka 1857, anemoni akabaki. Akatunzwa na tabibu mmoja, James M'Bain, na baada yake na wasimamizi wa bustani ya miti ya Edinburgh. Maji yake yalibadilishwa, akapewa nusu ya kome kila wiki mbili. Alizaa mamia ya watoto, na katika usiku mmoja wa mwaka 1857 alizaa zaidi ya 200. Watu walikuja kumtazama, wakamwita Bibi. Akafa tarehe 4 Agosti 1887, baada ya miaka 59 kiooni.

Mtu asichukue khabari hii akadhani kwamba chombo kidogo chatosha. Yule Bibi alikuwa wa namna ikaayo pale maji yanapopwa na kujaa, yenye kustahimili jua na baridi na maji machache, wala haina mwani mwilini. Hawa wetu wa bahari ya joto ni wateule zaidi. Lililotugusa sisi ni jingine: mnyama yule alipita mikononi mwa watu baada ya watu, na kila mmoja alipokea kazi aliyoiacha mwenzake. Anayemleta anemoni nyumbani huenda analeta amana ambayo wanawe ndio watakaoimaliza. Tuliwakalisha watoto tukawauliza wazi nani ataishika. Kijana mkubwa alinyamaza, kwa kuwa yuko njiani kwenda Nairobi kusoma. Binti yetu, yule aliyelia siku ya nne, alikwenda akaleta daftari la vipimo vya maji, na tangu hapo mwandiko uliomo ni wake.

Kuna jambo moja ambalo vijana wa mtaani hutuuliza kwa uchangamfu: kwa nini kununua au kungoja, na bahari iko hapa? Mwamba uko, kupwa kuko, si kwenda na kisu na ndoo tu? Jawabu lake lilikwisha kuandikwa kwingine. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya kuwaonyesha watu viumbe vya majini ndani ya vioo, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu cha kuwafundisha watu kuvifuga nyumbani. Uingereza ikashikwa na shauku kubwa. Watu waliteremka pwani na nyundo na patasi. Mwanawe, Edmund Gosse, katika kitabu alichokitoa mwaka 1907, alieleza kwa huzuni jinsi vidimbwi vya mwambani alivyovijua utotoni vilivyoharibiwa na wachukuzi, na kwamba vitabu vya babake, mtu aliyeipenda pwani ile kuliko wote, ndivyo vilivyowafungulia mlango.

Kwetu sheria imekataza kuchukua chochote katika hifadhi za bahari, kama zile za Malindi na Watamu zilizowekwa mwaka 1968 na ile ya Mombasa ya mwaka 1986; na nje ya hifadhi, wakusanyao viumbe vya kuuza hutakiwa wawe na leseni. Lakini hata pasingekuwa na sheria, hesabu ni nyepesi. Anemoni wa mwambani hukua polepole, na kila mmoja ni nyumba ya samaki wake. Ukimtoa yeye, nao wamebaki wazi kwa kila mwenye meno. Kisha bahari yetu imekwisha kupata mitihani ya kutosha. Mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka yakafa, na anemoni naye hupauka kwa sababu ile ile, mwani wake ukimtoka. Waliosalia tuwaache walipo. Wa kufuga wapo, kwa kuwa namna hii yetu hujigawa yenyewe kiooni: hujinyoosha pande mbili, wayo ukivutana na wayo, mpaka mwili ukachanika katikati, na kila nusu ikajifunga jeraha lake ikawa mzima.

Mpangaji amefanya hivyo mwezi wa Shaabani uliopita. Nusu moja imebaki katika ufa wa siku zote. Ya pili imeondoka, ikazunguka nyuma ya mawe kwa wiki mbili, na sasa iko kwenye kioo cha kulia, kama vidole vinne kutoka juu. Tumemwahidi mtoto wa jirani, lakini tangi lake lina miezi minne tu, naye tumemwambia ataipata likitimiza tisa. Hakufurahi. Kila Ijumaa baada ya sala huja na rula yake, akapima imefika wapi, akaandika katika daftari pamoja na binti yetu, kisha akaenda zake.